Vidonge vya Kwenye Kioski

Kila alasiri akitoka shule, Penina alikuwa akivua sare, akifagia uwanja wa nyumba yao pale mtaa wa Kikuyu, kisha akibandika maharage. Alikuwa darasa la sita, akiishi na mama yake mdogo, Elieth, karani katika ofisi moja mjini Dodoma.

Mama mdogo alikuwa na kovu nene shavuni. Aliungua mafuta ya moto akiwa mtoto, na tangu hapo hakupenda kupigwa picha. Mwaka huu daktari alikubali kumfanyia upasuaji wa kulirekebisha, akampa karatasi ya masharti. Mama mdogo aliibandika kwenye mlango wa kabati, akamsisitizia Penina kwamba yeye mgonjwa haruhusiwi kumeza dawa yoyote ya maumivu ila parasetamo.

Siku tano kabla ya upasuaji, mama mdogo aliumwa kichwa. Akamtuma Penina parasetamo katika duka la dawa, ng'ambo ya barabara kubwa. Njiani Penina aliwakuta wenzake wakicheza rede, wamepungukiwa mtu mmoja. Akaona duka ni mbali, naye alitaka kuuwahi mchezo. Aliingia kwenye kioski cha jirani, akaambiwa parasetamo zimekwisha, akanunua aspirini nne. Akazitoa kwenye pakiti iliyoandikwa jina la dawa na kuzifunga kwenye kipande cha karatasi.

"Ndizo hizi?" mama mdogo aliuliza.

"Ndizo."

Alimeza mbili siku ile, na mbili kesho yake.

Siku iliyofuata Penina alifungua kabati kuchukua sweta, akaisoma ile karatasi mwenyewe. Iliandikwa kwamba aspirini huchelewesha damu kuganda, na mgonjwa anaweza kutokwa na damu nyingi akipasuliwa. Kila alipotaka kusema, alimkuta mama mdogo akipanga mkoba wa hospitali huku akiimba nyimbo za kwaya, naye akanyamaza. Alijiambia kwamba ni vidonge vinne tu.

Asubuhi ya upasuaji alimsindikiza. Muuguzi, Bi Evarista, aliuliza mgonjwa amemeza dawa gani wiki hiyo. Mama mdogo akajibu kuwa ni parasetamo tu, na muuguzi akaandika. Penina alimsogelea muuguzi.

"Shikamoo, Bibi Muuguzi," alisema kwa sauti ndogo. "Hazikuwa parasetamo. Zilikuwa aspirini. Nilimdanganya mama mdogo."

Mama mdogo alimtazama, kisha akageuza uso. Penina aliona afadhali angepigwa.

Daktari aliahirisha upasuaji kwa wiki mbili. Mama mdogo, aliyekuwa ameshapewa likizo, ilimbidi arudi kuiomba upya. Walipofika nyumbani Penina alipiga magoti akaomba msamaha, akilia. Mama mdogo alimwinua, lakini zilipita siku kadhaa kabla hajacheka naye.

Upasuaji ulifanyika salama. Siku bandeji ilipotolewa, shavu lilikuwa bado jekundu, ila lile kovu nene halikuwapo tena. Mama mdogo alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akamwita Penina akae karibu naye.

"Uliponunua dawa nyingine ulikuwa mvivu, na uvivu nimeusamehe," alisema. "Kilichonitisha ni zile siku ulizokaa kimya huku unajua. Ukikosea tena, mwanangu, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unajua nitakasirika. Hasira yangu itapita. Damu ikishamwagika hairudi."

Penina aliitikia, akamshika mkono.