Nusu ya Mstari wa Jovitha

Kazi yangu ni kufunga redio na spika kwenye magari, hapa mtaa wa Gerezani. Ungeniuliza mwaka juzi habari za mizimu, ningekuuliza kwanza kama umekunywa chai. Lakini haya yalimkuta dada yangu wa damu, mchana kweupe, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale na waya mkononi.

Dada Joyceline anafundisha ushairi na tamthilia kwenye shule ya sekondari iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka dukani kwangu. Mwaka ule kidato cha nne walikuwa wanasoma tamthilia ya yule Mwingereza wa miaka mia nne iliyopita, ya mfalme mzee aliyemfukuza binti yake. Kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane. Dada akaona asife moyo: akakigeuza kisa kizima kuwa shairi la Kiswahili alilolitunga mwenyewe, watoto waelewe kwanza, Kiingereza kifuate. Na alikuwa na namna yake ya kulifundisha. Anasema nusu ya mstari, ananyamaza, mwanafunzi anamalizia. Hasaidii mtu. Anasubiri.

Sehemu ya binti mfalme aliishika Jovitha, mtoto wake wa pekee, mpwa wangu.

"Mwanangu nikikuita," dada anasema.

"Hata mbali nitakuja," Jovitha anajibu.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mama yuko jikoni anasema nusu yake, mtoto anamalizia kutoka bafuni, mimi nawacheka wote wawili. Nikijaribu mstari mwingine nikaukosea, Jovitha ananicheka mpaka anakaa chini.

Jovitha alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mwezi wa tatu maumivu yalimshika Jumatatu, na Jumapili tulikuwa kijijini kwetu Marangu tunamzika. Siku ya mwisho wodini nilimshika mkono. Alikuwa anavuta pumzi mara mbili ndipo atoe neno moja, na neno lenyewe lilikuwa maji.

Baada ya wiki mbili dada alirudi darasani. Akaijaza chupa ya maji ya Jovitha, akaiweka juu ya dawati lake tupu. Sehemu ya binti mfalme hakumpa mtu. Mazoezi yakifika pale anasema nusu yake, anageukia dawati, ananyamaza. Watoto wanatazama chini, halafu wanaendelea na mstari unaofuata. Mkuu wa shule alivumilia, mwishowe akamwambia siku ya wazazi imekaribia: ampe mwingine sehemu ile, la sivyo darasa litachukuliwa na mwalimu mwingine.

Dada akaniomba nipeleke spika kwa ajili ya mazoezi. Nilifika saa nane mchana. Fatuma, msichana aliyekuwa anakaa nyuma ya Jovitha, akaja kunipokea waya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Akasogea karibu. "Mjomba, maji yanapungua."

"Maji gani?"

"Ya Jovitha. Mwalimu akisema ule mstari, yanapungua. Na wiki hii anajibiwa."

Nikamwambia aache utani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mazoezi yakaanza. Nje mafundi walikuwa wanagonga mabati, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Dada akafika pale. Akageukia dawati.

"Mwanangu nikikuita..."

Akanyamaza.

Tukasubiri.

Pumzi moja. Ya pili. Halafu neno.

"Hata..."

Pumzi mbili tena.

"...mbali..."

Haikutoka kwenye spika. Nilikuwa sijachomeka hata waya mmoja. Ilitoka dawatini, na ilikuwa ile sauti ya wodini. Ndani ya chupa maji yakaanza kushuka, taratibu, upana wa kidole. Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Nikamtazama dada. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Anakuja, Eli. Kila nikimwita anakuja."

"Mwalimu," Fatuma akasema huku analia, "anaumwa. Kila ukimwita anakuja na maumivu yake. Msikilize anavyopumua."

"...nita..."

Pumzi. Pumzi. Neno halikumalizika.

Tabasamu likamtoka dada. Nilijua anachokitaka, mama gani asingekitaka? Kisha akatembea hadi kwenye lile dawati, akapiga magoti, akauanza mstari upya.

"Mwanangu nikikuita..."

Safari hii hakusubiri.

"...usije, lala mwanangu."

Pumzi zikakoma. Dada akalilalia dawati akalia kilio ambacho hata Marangu kaburini hakukilia. Darasa zima likalia naye, na mimi pia, mtu mzima na waya zangu mkononi.

Siku ya wazazi Fatuma aliishika sehemu ya binti mfalme, tena vizuri sana. Dada alikaa mstari wa mbele akapiga makofi. Jioni ile akanipa chupa.

"Kaa nayo wewe, mimi siwezi," akasema. "Ila niahidi hutamwita."

Nikaahidi. Nikaiweka dukani, rafu ya juu, katikati ya redio. Kwa nini niliijaza maji, sijui. Nilizungushia kifuniko tepu ya umeme, nikachora alama kwa kalamu pale maji yalipoishia.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha kutwa nzima, hakuna mteja. Nikamkumbuka mno yule mtoto. Nikakumbuka anavyonicheka. Nikasema nusu ya mstari, kwa sauti ndogo, mara moja tu. Halafu nikanyamaza, nikasubiri kama dada. Sikusikia kitu ila mvua juu ya bati. Nikaona aibu, nikamalizia haraka haraka: usije, lala mwanangu.

Wakati wa kufunga duka ndipo nilipoitazama chupa. Tepu ilikuwa haijaguswa. Maji yalikuwa chini ya alama, upana wa kidole.