Mapigo Chini ya Futi

Ngumi ya kwanza ilimpata Barnaba kwenye taya. Ya pili ikamwangusha juu ya meza ya Ruti. Meza, cherehani na vitambaa vyote vikaenda chini pamoja naye. Ilikuwa siku ya kuuza kahawa pale Mlowo, mwaka wa hamsini na sita, na barabara imejaa malori, magunia na watu waliopenda ugomvi kuliko biashara.

Mpigaji aliitwa Lusubilo, mpakia magunia aliyerudi kutoka migodi ya ng'ambo ya mpaka na mabega mapana, kofia ya pama na sifa mbaya. Barnaba alikuwa amemshika Ruti kiuno bila ruhusa. Hilo ndilo kosa lake lote, na lilimgharimu meno mawili.

"Asante," alisema Ruti, fundi wa nguo, mikono kiunoni, gauni la maua mekundu limemkaa sawasawa. "Sasa nani atafua damu hii kwenye kitambaa cha watu?"

"Nishonee mimi shati kwa hichohicho, dada."

"Utembee na damu ya mwenzio mgongoni?"

"Nimezoea, mukwai," alijibu Lusubilo, kwa neno la heshima la kule migodini.

Ruti akacheka, naye hakutaka kucheka. Akamzungushia futi tumboni, akaweka kidole juu ya kitovu ili asome. Futi ikaruka. Akaikaza, ikaruka tena.

"We kaka, mbona una moyo tumboni?"

"Ninayo miwili. Mmoja wangu, mwingine wa atakayenishonea shati vizuri."

Hapo ndipo walipopendana, na hapo ndipo walipokosea: jambo lile walilifanya utani.

Kwa miezi sita hawakuachana. Aliyempigia Ruti mluzi alilala mtaroni, na Ruti, tusifichane, alipenda hivyo. Kisha asubuhi moja Lusubilo akainua gunia, maumivu yakamchoma kutoka tumboni hadi mgongoni, akapiga magoti mbele ya lori. Alikwenda peke yake hospitali ya misheni. Daktari, mzee wa Kizungu, alimbonyeza tumbo taratibu, kisha akakaa chini.

"Mshipa mkubwa wa damu umevimba humu. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli ikitokeza kwenye tairi lililochanika? Ndivyo. Labda ni ile mbao unayosema ilikupiga mgodini."

"Dawa yake?"

"Ya kunywa hakuna. Njia ni mbili. Ya kwanza, utulie: usibebe, usilime, usipigane. Unaweza kupata miaka, unaweza kupata wiki. Ukipasuka, hutafika hapa. Ya pili, nina mwenzangu Johannesburg. Hukata palipovimba akaunganisha bomba la nailoni. Katika wagonjwa kumi, wanne hawaamki."

"Nailoni? Wanashona?"

"Wanashona."

Lusubilo akatoka, asimwambie mtu. Mwanamume anayeogopwa kwa ngumi zake atasemaje kwamba kiwiko cha mtoto kinaweza kumuua?

Msimu wa kulima ukafika. Kwao Ruti, mchumba hulima shamba la mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, majirani wakitazama. Lusubilo alituma vibarua wawili. Heri asingetuma mtu! Kupeleka kibarua ukweni ni kusema binti yao si kitu.

Osea, kaka yake Ruti, alimkuta mezani kwa dada yake.

"Dada yangu wa kutumiwa vibarua?" Akamtandika kofi. Kisha jingine. Damu ikamtoka Lusubilo puani, na soko zima likasubiri ngumi yake. Lusubilo akakunja mikono tumboni, akainama, akapigwa mpaka Osea alipochoka.

"Rudisha, Lusu!" Ruti alipiga kelele. "Kwa Barnaba uliweza!"

"Siwezi."

"Kwa ajili ya kunioa ndiyo huwezi?"

"Siwezi, Ruti."

"Basi nenda! Sitaki mwanamume anayekumbatia tumbo kama mjamzito!"

Siku hiyohiyo Lusubilo akapanda lori la Tunduma.

Ruti alilia wiki tatu. Ndipo Barnaba akaja na pengo lake kuomba radhi na kushonewa suruali. Ruti akamzungushia futi. Ikalala. Akangoja.

"Mbona hairuki?"

"Iruke kwa nini?"

Akampima mteja aliyefuata. Akajipima mwenyewe. Futi ikalala. Aliacha mkasi juu ya kitambaa, akaenda mbio hospitali ya misheni kwa muuguzi Jenista, mteja wake wa sare.

"Nilidhani umemwacha kwa sababu unajua," alisema Jenista, akamweleza yote.

Ruti akadandia lori la kwanza la Tunduma, lakini Osea alikuwa amemtangulia. Maneno ya kilabuni yalimchoma: eti shemeji amewadharau, na mpaka leo hajaleta hata mbuzi wa kuomba radhi. Ruti alimkuta karibu na kituo cha mabasi, mpini wa jembe juu, Lusubilo amejikunja ukutani. Akajitupa katikati. Mpini ukashuka juu ya mkono wake na mfupa ukalia. Hakuanguka. Kwa mkono mzima aliokota jiwe, akampiga kaka yake kwenye paji la uso, akampiga tena, mpaka Osea akaketi chini, macho yamejaa damu.

"Ukimgusa tumbo umemuua! Mshipa wake umevimba! Hakuja kulima kwa sababu jembe lingempasua!"

Osea akauachia mpini, akalia kwa sauti.

Lusubilo alivua shati, lilelile alilomshonea kwa kitambaa chenye doa la damu ya Barnaba, akamfunga mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mwanamume wako ni yai?"

"Yai langu. Tutatulia, Lusu. Wanne kati ya kumi! Nipe hata miaka miwili."

"Na anayekushika kiuno nimtazame? Leo umevunjika mkono wako, wangu nimeukunja. Huko si kutulia, mpenzi. Nitakwenda nikakatwe."

"Ukifa?"

"Nikirudi, utanioa?"

Ruti akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe ndiye utanioa, mjinga. Na shamba la mama utalima kwanza."

"Lote, mukwai."

Sanduku lake lilibebwa na Osea mwenyewe, kichwa kimefungwa kitambaa, mpaka kwenye basi la kusini. Ruti alisimama dirishani.

"Mwambie fundi huyo arudie mshono mara mbili. Nailoni inateleza."

Miezi mitano haikuja barua. Mkono wa Ruti uliunga ukiwa umepinda kidogo, akajifunza upya kushika mkasi. Msimu wa kahawa ukarudi, na malori, na ugomvi. Mchana mmoja mtu mwembamba mwenye kofia ya pama akasimama mbele ya meza.

"Fundi, nina shati la kupunguza."

Ruti alichukua futi, akamzungushia tumboni, akaweka kidole juu ya kitovu. Futi ikatulia. Ruti akaogopa, kama aliyegusa maiti. Lusubilo akaushika mkono wake uliopinda, akaupandisha hadi kifuani.

"Umebaki mmoja tu," alisema. "Jembe la mama liko wapi?"