Bonde la Katikati

"Futi tatu?" Antonia aliuliza, simu ya mumewe mkononi. "Baba Vailet, kwenye futi tatu wanalala wangapi?"

Apolinary aliweka kikombe cha chai mezani. Ujumbe wa Feisal, muuza magodoro wa sokoni, ulikuwa bado wazi kwenye simu: "Shikamoo mzee. Godoro lako la futi tatu kwa sita limefika. Karibu."

"Mmoja," alijibu.

"Mmoja nani?"

"Mimi. Nahamia chumba cha Vailet."

Antonia alivuta kiti, akakaa. Tangu waoane waligombana sana, nani asiyegombana? Hata mwaka ule waliponuniana kwa sababu ya mbuzi wa shemeji, walinuniana kitanda kimoja.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke? Ni mgongo, Mama Vailet! Naamka kama niliyelala juu ya jembe. Magodoro tumebadilisha, tukawalaumu wenye maduka. Tumegeuza kichwani kuwa miguuni. Kila linalokuja linazama katikati palepale."

"Na mimi nyonga hainiumi? Mbona sijahama?"

"Ndiyo sababu nahama." Sauti yake ilishuka. "Nikisinzia tu nakuangukia. Nakusikia unavyoguna. Umechoka kunibeba."

Maneno hayo yalimchoma Antonia, lakini hasira zilikuwa zimeshapanda na hakujua pa kuzishushia.

"Sawa! Chukua hili kubwa uende nalo. Hilo dogo la Feisal litakuwa langu."

Akaingia chumbani, akang'oa mashuka, akalivamia godoro. Likamshinda. Apolinary akaja kushika upande wa pili, wakalisimamisha ukutani, kila mtu amevimba mashavu.

Mkeka wa chini, ambao hawakuwahi kuuinua, ukaburutwa nalo. Ndipo wakaona. Chaga za kitanda, zile mbao zinazobeba godoro, zilikuwa zimejipanga vizuri kichwani na miguuni. Katikati palikuwa na pengo ambalo mbuzi angepita.

"Yesu wangu! Chaga mbili ziko wapi?"

Apolinary alijikuna kidevu. "Anazo Vailet."

Antonia akakumbuka yote. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mahindi yakiwa bado machanga shambani, na nyumbani hapakuwa na ubao hata mmoja wa ziada. Apolinary alichomoa chaga mbili za kitanda cha ndoa, akazipigilia ubavuni mwa kitanda cha mtoto. Zilikuwa ndefu mno, lakini alikataa kuzikata.

"Ulisema utazirudisha mvua zikikatika," Antonia alisema.

"Kwani zilikatika?"

Antonia akacheka bila kutaka. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaolewa kijiji cha Sigino, ana jiko lake.

Kile kitanda kidogo walikikuta stoo, nyuma ya magunia ya mbaazi. Antonia akapangusa vumbi kwenye chaga ya juu. Alama za meno ya Vailet zilikuwa bado pale, tangu alipokuwa anaota meno na kutafuna kila kitu. Machozi yakamlengalenga. Aliikumbuka nyumba ile ikinukia maziwa na poda, na Apolinary kijana, amembeba mtoto begani akizunguka naye sebuleni.

"Ulikuwa unamwimbia nyimbo za kwaya."

"Alikuwa halali bila kuimbiwa."

"Hata mimi."

Apolinary akaenda kutafuta nyundo.

Chaga zilirudi mahali pake, godoro likalazwa juu. Lilitulia, limenyooka. Apolinary akaandika kwenye simu: "Feisal, lile godoro muuzie mwingine. Mama kakataa."

"Mimi ndiye niliyekataa?"

"Njoo tujaribu, acha maneno."

Wakafunga mlango mchana kweupe kama maharusi, wakajinyoosha. Mgongo wa Apolinary ukashukuru. Nyonga ya Antonia ikatulia. Lakini katikati yao palibaki nafasi, na nafasi ile ilimuuma Antonia kuliko nyonga.

"Mbona uko mbali?"

"Bonde limekwisha. Sikuangukii tena."

"Nilikwambia lini kwamba nimechoka kuangukiwa?"

Juu ya godoro lisilomsukuma popote, Apolinary akasogea mwenyewe.