Dada Hasomei Vichaa

Kila alasiri akitoka shule, Pilipili alipitia kwenye karakana ya mama yake ya kushona sare, akavua viatu na kuanza kupiga pasi kola. Jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake. Akichokozwa, hajui kunyamaza.

Siku hiyo mambo yalikuwa moto. Mashati sita yalikuwa yamerudishwa, mikono mifupi kupita kiasi. Mjomba, ambaye ndiye mkata vitambaa, akamnyooshea kidole fundi mpya.

"Huyu ni mzembe. Mfukuze leo leo!"

Fundi mpya akainamia cherehani yake, machozi yakimlengalenga.

"Tusimhukumu kabla ya kuchunguza," alisema dada yake Pilipili, aliyekuwa likizo. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea saikolojia.

Mjomba akaangua kicheko. "Miaka mitatu unasomea vichaa, leo utufundishe kushona?"

"Dada hasomei vichaa!" Pilipili akadakia, pasi mkononi. "Anasomea jinsi watu wanavyofikiri. Hata wewe, Mjomba!"

"Shika adabu yako," Mama alimkemea. Hata hivyo, akawapa yeye na dada yake siku tano za kuchunguza.

Wakakaa pembeni na daftari. Kila kosa waliliandika: nani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini. Dada alizungumza na kila fundi peke yake, akisikiliza bila kumkatiza. Mjomba alipowadhihaki kuwa ni wapelelezi, Pilipili alimtazama usoni, kisha akaendelea kuandika.

Siku ya tano Dada akasoma daftari mbele ya wote. Makosa yalikuwa kumi na moja. Fundi mpya alikuwa na mawili tu. Tisa yalitokea mezani kwa Mjomba, alipokuwa akipima kitambaa huku akijibu simu za wateja.

"Mjomba si mzembe," alisema Dada. "Akili ikikatizwa katikati ya vipimo, ikirudi huruka namba. Yeyote angekosea."

Mjomba aliivua tepu shingoni, akaisogeza simu hadi mezani kwa Mama.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Nilikurukia bure."

Wiki iliyofuata halikurudishwa hata shati moja. Mama akawakusanya wote.

"Chuoni hawakumpa mwanangu uganga wa kusoma mioyo," alisema. "Wamemfundisha kusikiliza, kuuliza na kuthibitisha kabla ya kulaumu. Msidharau elimu msiyoijua."

"Na mimi nitaisomea," alisema Pilipili, kidevu juu. "Hata mkicheka!"

Hakuna aliyecheka.