Tabasamu Lililokwama

“Mama Fundi, hebu tabasamu nikuone.”

Mama Fundi akatabasamu. Alikuwa amelala ndani ya gari la wagonjwa, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akatabasamu vile alivyozoea mteja akisifia kazi yake. Daktari aliyeliomba akaliona tabasamu hilo kwenye skrini, upande wa pili wa mji, akashusha pumzi. Huyu hakuwa mgonjwa wa hivi hivi. Ndiye aliyekuwa akimshonea gauni la harusi, na gauni lenyewe lilibakia mkono mmoja tu liishe.

Aliyeinama juu ya mgonjwa, kamera ikiwa kifuani, ndiye bwana harusi mwenyewe. Kazini walimwita Bandeji. Yeye anapanda gari na kuwafuata wagonjwa waliko. Daktari anakaa chumba cha skrini, anaangalia kile anachoangalia Bandeji, anamwelekeza kwa spika ya garini afanye nini na mgonjwa apelekwe wapi.

“Daktari, mdomo umepinda,” Bandeji akasema. “Upande wa kulia unashuka.”

“Naona vizuri. Haujapinda.”

Bandeji akanyamaza.

“Ni kizunguzungu cha presha,” Daktari akaendelea. “Mpelekeni hospitali ya hapo karibu.”

Dereva wao, waliyemwita Breki kwa sababu hakupenda kuzikanyaga, akamtazama Bandeji kwenye kioo akisubiri aseme neno. Bandeji akamwambia twende.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini alinyamaza, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye laini ile kuna utaratibu. Mhudumu akisema jambo, daktari anajibu “nimesikia”, kisha anarudia alichoambiwa. Asipojibu hivyo, mhudumu aseme tena, na tena, mpaka asikike. Utaratibu mzuri kabisa. Lakini wapenzi wetu walikuwa na utaratibu wao wa pembeni.

Walikuwa wakibishana mno, hao wawili, na laini inasikika chumba kizima. Wenzao wakaifanya burudani. Wakianza tu, mtu anaenda kuchota chai, anavuta kiti, aje asikilize ndoa kabla ya ndoa. Daktari ikamuuma. Siku moja wakiwa jikoni kwa dada yake, wanakata vitunguu, akamwomba Bandeji amsitiri: nyumbani abishe atakavyo, ila kazini akishasema mara moja inatosha, asimvunjie heshima mbele za watu. Bandeji akafuta machozi ya vitunguu, akamwambia basi mama, umeshinda. Mapenzi bwana! Unakubali jambo la kijinga kwa sababu aliyekuomba ana macho mazuri.

Basi gari likaondoka. Kwenye skrini Mama Fundi akaendelea kutabasamu. Gari likakata kona, anatabasamu. Likaruka tuta, anatabasamu, na hata tepu shingoni haitikisiki. Ndipo Daktari akaisogelea skrini. Sauti ilikuwa inakuja vizuri, lakini picha ilikuwa imekwama tangu lile tabasamu la kwanza. Alikuwa akiangalia uso wa zamani huku Bandeji akimweleza uso wa sasa.

Akapaza sauti wageuze, hiki ni kiharusi. Walikuwa wameshafika mlangoni pa hospitali ya karibu, isiyo na mashine ya kupiga picha za kichwa wala sindano ya kuzibua mshipa. Wakamhamisha mbio, lakini hadi wanamfikisha kunakostahili, muda wa sindano ile ulikuwa umepita.

Mama Fundi hakufa. Aliongea, akatembea kwa kuburuta mguu. Mkono wa kulia ndio haukurudi, na mkono wa kulia ndio uliolisha nyumba yake.

Kazini waliitwa kikaoni, wote wawili wakaeleza ukweli bila kupunguza. Wakubwa wakaulaumu mtandao, wakaweka kengele inayolia picha ikikwama, wakawapa onyo na kuwarudisha kazini. Mtu angedhani wameponea. Wapi. Wangefukuzwa, angalau wangepata mtu wa kumchukia pamoja. Sasa wakabaki kutazamana.

Daktari alimsubiri Bandeji karibu na bomba wanaposafishia machela.

“Kwa nini hukusema tena?”

“Uliniomba nisiseme.”

“Nilikuomba tuache mabishano yetu. Sikukuomba umwache mgonjwa.”

“Mabishano yetu yote yalikuwa juu ya wagonjwa,” Bandeji akasema, na akaendelea kusugua machela iliyokuwa imeshatakata.

Walikwenda kumwona Mama Fundi pamoja. Mwanamke wa watu hakuwa na kinyongo. Aliuliza habari za harusi, akamtania Bandeji kwamba amekonda, suti itamvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Gauni lilikuwa limening'inizwa ukutani, limefunikwa kwa kanga, cherehani chini yake imefungwa. Kisha akamgeukia Daktari, akamwambia jambo ambalo wala hakulikusudia kuwa kisu.

“Huyu mwenzio aliposema mdomo umepinda, mwanangu, niliogopa sana. Halafu nikakusikia wewe unasema haujapinda, nikajua basi, niko salama.”

Bandeji akatoka nje. Daktari alimkuta ameshika ukuta, wakaondoka pamoja.

Mama yake Daktari alitaka gauni lipelekwe kwa fundi mwingine, mkono mmoja si kitu. Daktari akakataa, akasema halitoki pale. Tarehe ya harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi mashangazi wakaacha kuuliza. Halafu ukaja ujumbe kwenye simu:

“Nimeomba kuhamia kituo cha barabara kuu, mbali. Wamekubali. Naondoka mwisho wa mwezi.”

Daktari akausoma, akaifunika simu kifudifudi mezani. Hakujibu. Alijiambia kwamba asipojibu, Bandeji atalainika. Si alikuwa analainika siku zote?

Siku ya mwisho ya Bandeji kazini, mpiga rangi mmoja alianguka kutoka kwenye ngazi. Kengele ikalia, skrini ikawaka, na picha ilikuwa safi kuliko maji. Mgonjwa anaongea, anacheka, anaomba wamwinue akamalizie dari. Daktari akasema wamkalishe.

“Hapana, Daktari. Vidole vya miguu haviitiki.”

“Lakini anasogeza magoti.”

“Magoti anayavuta kwa mikono, kamera haioni. Vidole haviitiki. Asikae.”

Chumbani hakuna aliyefuata chai.

“Nimesikia,” Daktari akasema. “Vidole haviitiki. Asikae. Mlazeni kwenye ubao, shingo isitikisike.”

Walimpakia hivyo hivyo, wakamfikisha hospitali kubwa, na huko wakaambiwa kwamba angekalishwa, asingesimama tena. Bandeji akarudi garini kukata laini.

“Usikate,” Daktari akasema. Alijua wenzake wote wanasikia, na safari hii hakujali. “Ujumbe wako niliusoma. Nikajifanya sijauona. Nisamehe.”

“Nilijua umeusoma.”

“Nitaacha kiti hiki. Nitaomba wodini, hutanisikia tena masikioni ukiwa kazini. Tuoane.”

Kamera ilikuwa inaelekea chini. Daktari aliona mikono tu, inakunja bandeji ambayo haikuhitaji kukunjwa.

“Nakupenda,” Bandeji akasema. “Hilo lisikupe shida. Lakini nikisikia sauti yako, hata tukiwa mezani tunakula, namsikia Mama Fundi anasema niko salama. Nilikuwa nimeuona mdomo wake, Daktari. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, nikanyamaza ili nikufurahishe. Sitaki kuishi na mtu ambaye nikimtazama nalikumbuka hilo.”

“Nilikosea mimi.”

“Tulikosea wote. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia.”

Daktari akauma mdomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta, maana kamera ya upande wake haikuwahi kuwepo. Bandeji hakuwahi kumwona akilia kazini, na hata leo hakumwona.

“Basi sema tena,” akamwambia. “Sema mpaka nisikie.”

Mikono ikaacha kukunja.

“Nahama.”

Daktari akaikazia macho skrini, akiombea iwe imekwama, ilie kengele, apate sababu. Vidole vya Bandeji vikaanza kukunja tena. Picha ilikuwa hai.

“Nimesikia,” akasema. “Unahama.”