Anamsumbua Nani?

Mlimwona, mkapita. Mchana kweupe, Hulda amekaa juu ya ndoo nje ya ghala la viazi pale Makambako, wenzake wako ndani, nanyi mkageuza shingo kana kwamba mnaangalia malori. Mimi sisahau.

Asubuhi ile ilianza vizuri. Wakulima wa Kichiwa waliingia na salamu zao za "kamwene", wachambuaji wakaitikia huku wakitaniana. Ilikuwa miaka ya soko huria. Danford, mumewe Hulda, alikuwa amekwisha kupunguzwa kiwandani, na nyumba nzima ilikula kwa mikono ya mkewe.

Ndipo mwenye ghala, Mansoor, akaingia. Lazima apunguze mchambuaji mmoja, alisema, na kwa kuwa hapendelei mtu, atawauliza wao wenyewe.

"Nani msumbufu hapa?"

Wote wakamtazama Hulda. Hawakusema uongo, ndugu zangu. Hulda akikuta kiazi kibovu humwaga gunia zima, mkulima akanuna, chakula kikachelewa.

"Mama Ida anasumbua, bosi," alisema Gideoni, mchambuaji mwenzake, akimwita Hulda kwa jina la mwanawe. "Hata ugali nadhani anauchambua."

Wakacheka. Hulda naye alicheka, mpaka alipoambiwa atoke.

Akiwa pale kwenye ndoo, akiwaza atamwambia nini Danford, alisikia sauti ya Anifa, mshona magunia.

"Mzee Mansoor, mbona hukuuliza anamsumbua nani?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Uliza hivi: gunia la nani tunalishona bila kulikagua?"

Mansoor akawauliza hivyo wafanyakazi wote, mmoja mmoja.

"La Mama Ida."

"La Mama Ida."

"Na la Gideoni?" aliuliza Mansoor.

"Hilo nalinusa kwanza," alisema Anifa.

"Hata mimi ningelinusa," alisema Gideoni, na ghala likaangua kicheko.

Gideoni alipelekwa kupakia malori, badala ya vibarua wa kuokoteza, na mgongo wake mpana ukaifurahia kazi hiyo. Mansoor akatoka mlangoni.

"Mama Ida, ingia ukasumbue."

Hulda akaingia, akashika gunia la kwanza aliloliona, akalimwaga.

FUNZO

Wafanyakazi walikuwa wale wale, na mara zote mbili walijibu ukweli. Kilichobadilika ni swali. Anayeuliza nani msumbufu atapewa jina la mtu anayejali kazi, kisha atamfukuza na kujiona ametenda haki. Nyie wasimamizi, na nyie mnaojibu tu bila kuuliza tena, hapo mlipo yuko aliyekwisha kuitwa msumbufu. Usisubiri kikao. Inuka sasa hivi, nenda kaulize anamsumbua nani.