Fundi Friji Aliyekataa Kuelekezwa

Rafiki yangu fundi friji ana ubishi wa kusimamisha treni, na hapa sitii chumvi. Mchana mmoja alikwenda kumtengenezea friji shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alipomaliza wakaingia chumba kisicho na dirisha, wakawasha gemu ya handaki ambayo karibu dunia nzima imeshindwa kuimaliza.

Fundi akashika pedi ya kuchezea, akapotea mle handakini. Shemeji akafungua simu, akaweka video ya jamaa anayeelekeza njia.

"Zima hiyo," fundi akasema. "Anayeonyeshwa njia hajacheza, kabebwa mgongoni."

"Ukishindwa, shem, ukoo mzima utajua leo hii."

"Waambie. Lakini nikitoka humu, waambie nimetoka kwa miguu yangu."

Jamaa wa kwenye video akasema, "Hapa pita kushoto." Fundi akapita kulia kwa makusudi.

Sauti ya kwenye simu ikamjibu: "Nimesema kushoto."

Shemeji akaacha kucheka. Video ile ilirekodiwa miaka mingi nyuma. Akazima simu, na papo hapo umeme ukakatika. Giza likawa la kushikika.

"Shem, tutoke."

"Siondoshwi na mtu. Nimesema kulia, ni kulia."

Fundi akabonyeza pedi kwa ubishi tu, maana runinga ilishakufa. Upande wa kulia, kwenye sakafu ya chumba, ikasikika hatua moja ikisaga mchanga, kama zile za mle handakini.

Akabonyeza tena. Hatua ya pili ikasogea.

Akaiweka pedi chini, akatulia.

Ikaja ya tatu.